Fisi Juu, Nyanya Chini

Jumatatu, 3 Februari

Kutwa nimeshinda kwenye kompyuta na sikio la Mjerumani. Sikio kubwa, jekundu, na chui sikio lake dogo. Kila nikilipachika, mzee wa watu anaonekana kama amevaa kofia ya arusi. Mwisho nikamwachia sikio lake. Hakulalamika. Ameondoka na vikombe viwili vyenye uso wake wa chui, anacheka peke yake barabarani.

Kazi hii imeshika Diani yote. Wageni hawataki tena picha ya ufuo na mnazi. Wanataka nusu mtu, nusu mnyama. Bosi wangu Mutiso ndiye aliyeileta kutoka Nairobi, lakini mkono ni wangu. Yeye hana subira. Picha ya mtu unaiweka chini, ya mnyama juu, zinalaliana kama shuka mbili kitandani. Sisi tunaziita leya. Kisha unachukua brashi, unaifuta ile ya juu taratibu mpaka mtu aanze kuchungulia ndani ya mnyama. Siri ni macho. Ukimwachia mtu macho yake, hata umtie mamba, mamake atamjua.

Mgongo waniuma. Nimekula mihogo ya kukaanga kwa chakula cha jioni. Basi.

Alhamisi, 6 Februari

Umeme umepotea tangu asubuhi mpaka alasiri. Bosi anazunguka dukani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kima kaingia, kachukua ndizi ya bosi mezani, katoka. Nimecheka mpaka nikashikwa na kwikwi.

Jumapili nakwenda kwa Nyanya.

Jumapili, 9 Februari

Kinango. Vumbi mpaka kwenye meno. Mahindi ya vuli yamekauka yakiwa kimo cha goti. Usiku wa kuamkia juzi fisi aliingia zizi la jirani akachukua mbuzi. Watu wanalizungumzia hilo tu, hilo na maji.

Nyanya Mejumaa ni mamake baba. Baba alifariki, mama akaolewa Msambweni, tukabaki mimi na yeye. Ananiita mke mwenzangu, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu. Mimi namwita fisi. Sababu ni meno. Umri wote ule hana pengo hata moja, na mfupa wa mbuzi anauvunja sote tukisikia. Akicheka, anacheka kwa kinywa kizima, jirani wa tatu anajua Bi Mejumaa leo kafurahi. Mtu mwingine akimwita fisi atakula mwiko. Mjukuu ana ruhusa. Baina ya nyanya na mjukuu hakuna tusi, kuna utani tu.

Nilimwonyesha picha za kazini kwenye simu. Bibi wa Kizungu aliye nusu twiga alimtazama muda mrefu. Akasema, "Na mimi mke mwenzio umeniacha? Nitie na mimi." Nikamwuliza mnyama gani. "Waniuliza tena? Si mwenyewe waniita kila siku."

Nikampiga picha mlangoni, jua likimwangaza ubavu mmoja. Leso yake ile ya zambarau.

Ami Bakari alipita. Ni mtoto wa nduguye babu, na shamba lake linapakana na la Nyanya. Tangu baba afe husema kwamba mwanamke mmoja hawezi ekari zile peke yake. Husema kwa upole, kila mara. Nimempa shikamoo, naye kaitika vizuri. Ameliangalia shamba zaidi ya alivyotuangalia sisi.

Jumanne, 11 Februari

Nimemaliza. Nimekaa nayo baada ya kazi, bosi akaniachia ufunguo.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizotengeneza. Naisema mwenyewe. Picha ya fisi alinipa dereva mmoja wa watalii, fisi ametazama mbele, kinywa wazi. Nilimfuta polepole kutoka kwenye paji la uso. Macho ni ya Nyanya. Leso ni ya Nyanya. Meno ni ya fisi lakini yangekuwa yake pia. Ule mwanga wa ubavuni umewaunganisha, huoni wapi mmoja anaishia.

Nimeituma kwenye grupu la wajukuu. Hakuna mkubwa humo, wote ni watani wake. Vicheko mpaka simu imeishiwa na chaji. Binamu yangu Riziki kasema atapasuka mbavu. Nyanya mwenyewe simu yake ni ile ya vibonye, haipokei picha. Nitampelekea iliyochapishwa, kubwa, yenye fremu.

Nina furaha leo.

Jumamosi, 15 Februari

Riziki kapiga simu. Anazunguka na maneno. Mwisho akasema: mumewe aliiona picha kwenye simu yake, akaipenda, akamtumia rafikiye. Rafiki akaitia kwenye grupu la wauza mifugo wa Kinango. Huko mtu kaandika chini yake kwamba mwenye kuchukua mbuzi amepatikana, kapigwa picha akiwa hajamaliza kugeuka.

Nikamwambia ni upuuzi, utaisha. Riziki akaniaga.



Jumatatu, 17 Februari

Nyanya kapiga simu mwenyewe, jambo asilolifanya, huwa anabipu nimpigie mimi. Amekwenda bombani na mtungi wake. Wanawake wakaondoa ndoo zao kwenye foleni, wakampisha awe wa mbele. Alidhani ni heshima. Alipomaliza kuteka, waliosha ile koki kwa majivu kabla ya kuigusa.

Aliniuliza, "Mke mwenzangu, kuna nini?"

Nikasema sijui. Nimemwambia nyanya yangu sijui.

Jumanne, 18 Februari

Nimeandika kwenye grupu la wajukuu kila mtu aifute. Wamefuta. Haisaidii kitu. Imeshatoka kwetu, iko kwa watu ambao hawana utani naye. Kwa mdomo, utani una mwenye kuusema na mwenye kuupokea, na kicheko kikiwa katikati. Picha imekwenda Kinango peke yake, bila mimi, bila kicheko.

Mama kasema kutoka Msambweni: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kakata simu. Simlaumu.

Jumatano, 19 Februari

Ami Bakari kapiga. Sauti ya upole ileile. Amesema ukoo umeingia aibu, watu wana uchungu, mbuzi wengine wawili wamekwenda. Jumapili baada ya adhuhuri wazee watakaa barazani kwake. Nyanya atakuwepo. Na mimi nije nieleze.

Nitaeleza. Nitakwenda na kompyuta yenyewe. Nitawafungulia leya moja moja, wamwone fisi peke yake na Nyanya peke yake. Mtu akiona kwa macho yake anaamini. Nimemwomba bosi laptopu, kanipa bila neno. Nimechaji betri.

Nina matumaini. Na pia kuna hili: mwaka jana ami Bakari mwenyewe alikuja kwangu Ukunda nimtengenezee picha. Alitaka awe amesimama bega kwa bega na mheshimiwa mmoja ambaye hajawahi hata kumpungia mkono. Nikamsimamisha. Ikatoka safi. Ameitundika sebuleni. Hakuna mtu Kinango nzima anayejua vizuri kuliko yeye jinsi picha mbili zinavyofanywa moja.

Atanisaidia. Lazima.

Jumapili, 23 Februari

Niandike kabla sijaanza kulia tena.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Wazee kwenye mkeka, wanaume wamesimama uani, wanawake kwenye ukuta wa jikoni, watoto migongoni. Nyanya kakaa peke yake kwenye kigoda. Aliniona, akanikonyeza. Bado alikuwa hajaiona picha. Kila mtu kaiona isipokuwa yeye.

Nimeweka laptopu juu ya meza. Nikasalimia mmoja mmoja. Nikaanza vizuri kabisa. Huyu ni Nyanya, nilimpiga mwenyewe mlangoni kwake. Huyu ni fisi, alipigwa mbugani na dereva. Hawajawahi kuonana. Sasa angalieni, namweka fisi juu. Pembeni kuna alama ndogo ya jicho. Ukiibonyeza, fisi anapotea. Ukiibonyeza tena, anarudi.

Nikaona wamenielewa. Mzee mmoja mwenye kofia ya kijani akasogea.

"Hebu mtoe."

Nikamtoa. Nyanya akabaki na uso wake.

"Mrudishe."

Nikamrudisha.

"Mtoe tena."

Nilikuwa natabasamu. Ee Mola, nilikuwa natabasamu, kama mwalimu na mwanafunzi wake. Yule mzee akawageukia watu. "Mumeona wenyewe. Mjukuu anamtoa na kumrudisha. Ameshafundishwa uchawi."

Watu wakavuma kama nyuki. Nikasema hapana, hapana, ni mashine. Sauti yangu haikufika popote. Nyanya akanyanyuka kwenye kigoda, kasema, "Nami nione basi hicho kinachowatoa roho." Wakampisha. Aliinama mbele ya kioo. Akajiona.

Akacheka.

Alicheka kwa kinywa chote, kichwa nyuma, meno yote nje. Kile kicheko nilichokitengenezea picha ile. Akanipiga begani, akasema nimempatia, nimempatia hasa. Alifanya lile ambalo mtani hufanya anapotaniwa. Hakuna mtu aliyemfundisha jibu jingine.

Wanawake wakawafunika watoto nyuso. Mmoja alipiga yowe. Kicheko cha Nyanya kikakatika, akatazama huku na huku, na hapo ndipo nilipouona uso wake unaelewa. Sitausahau. Natamani ningekuwa na brashi ya kuufuta.

Nikamtafuta ami Bakari. Alikuwa kwenye mlango wa sebule, na nyuma yake ukutani, naiona kabisa, picha yake na mheshimiwa. Ningeinua kidole tu. Ningesema: ami, na hiyo je? Watu wangegeuka. Labda yangeisha palepale.

Sikusema. Ami ni baba. Mtoto wa kike hamvui baba nguo barazani kwake, mbele ya wazee. Neno nikaliacha, nikaifunga laptopu. Yeye alinitazama, akajua kwamba nalijua, na akajua kwamba sitalisema. Akainamisha kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyefiwa.

Jumatatu, 24 Februari

Sikwenda kazini.

Walielewa. Si wote, lakini wengi walielewa. Kijana mmoja aliyesimama karibu na meza simu yake ina picha yake mwenyewe na masikio ya mbwa, nimeiona mara mia. Alitazama chini. Kuna walioogopa kweli. Kuna waliopoteza mbuzi na walitaka mtu wa kumkasirikia. Na kuna mmoja anayetaka shamba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nguo niliifungua mimi.

Jumatano, 26 Februari

Mawe juu ya mabati ya Nyanya, siku mbili mfululizo. Nani, hawajulikani. Mzee wa kijiji amemwambia Nyanya aondoke kidogo mpaka watu wapoe. Amemwambia kwa adabu, amemsaidia hata kufunga mzigo.

Nimemchukua leo. Furushi moja, mtungi, mkeka, jembe. Nikamwambia jembe la nini Ukunda. Alifunga mlango kwa kufuli, akautikisa kuona umeshika. Kisha akaniachia nishike ufunguo mimi, kwa kuwa leso yake haina pa kufungia vizuri.

Hakugeuka nyuma. Niligeuka mimi.

Jumapili, 2 Machi

Mwezi umeandama. Tumeanza kufunga.

Chumba changu ni kimoja. Kitanda nimempa yeye, mimi nalala chini. Anaamka kabla ya daku, ananipikia uji, anarudi kukaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Dirisha langu linatazamana na ukuta wa jirani. Anautazama huo ukuta.

Alhamisi, 6 Machi

Jirani kaleta tambi na viazi vya nazi wakati wa kufuturu. Mwanamke mzuri wa Wasini, hana habari na yetu. Kamwuliza Nyanya atokako. Nyanya akasema Msambweni.

Haniiti tena mke mwenzangu. Ananiita mwanangu. "Ahsante, mwanangu." "Pole na kazi, mwanangu." Adabu tupu. Jana nilimchokoza makusudi, nikamwambia leo fisi kala kidogo. Akaziba kinywa kwa leso, akatazama mlangoni.

Hajanilaumu hata kwa jicho. Afadhali angenitukana. Tungejua pa kuanzia.

Jumanne, 11 Machi

Nimefika dukani nikamkuta kwenye kioo cha mbele. Nyanya. Mkubwa, kama mlango. Bosi aliikuta picha kwenye kompyuta, akaichapisha aweke mbele ivute wageni. Watalii wawili wamesimama wanaipiga picha kwa simu zao.

Niliipasua kwa kucha zangu, pamoja na gundi yake. Wale watalii wakakimbia.

Bosi katoka. Nikamweleza mlangoni, nikilia, na saumu yangu. Hakuijua habari yote, mimi nilimwambia tu kuna kikao cha ukoo. Akasema, "Pole sana, siste. Sikujua, walahi. Me niliona tu ni art." Akaokota vipande mwenyewe, akaviweka kwenye bahasha, akanipa. Sijui kwa nini alinipa. Sikujua pia pa kuvitupa. Nani anatupa uso wa nyanyake kwenye jaa?

Nimeifuta kwenye kompyuta. Leya zote mbili. Ile ya Nyanya mlangoni pia imekwenda, maana zilikuwa faili moja. Ya kwenye simu nilikwisha kuifuta tulipofuta za grupu, sikuwa na nyingine ya siku ile.

Jumatano, 12 Machi

Mgeni leo kataka fisi. Nikasema hatuna.

Jumapili, 23 Machi

Riziki kaja kumwangalia Nyanya, kaleta sukari na tende. Amelia, kaomba radhi, Nyanya kamfuta machozi. Wakazungumza habari za watoto.

Nilipomsindikiza ndipo akaniambia. Ami Bakari ameondoa ule mpaka wa miti ya mnyaa baina ya mashamba mawili. Amesema anatunza tu, mpaka mwenyewe arudi. Kufuli ya nyumba ipo bado. Lakini amefunga mbuzi wake kwenye kibaraza.

Nilitembea mpaka barabara kubwa na kurudi. Nina hasira naye. Na nina hasira na mimi zaidi. Tungepata nafasi ile tena, ningesema mbele ya wote, na kama laana ya ami ingenipata, basi inipate. Naandika hivi, na sijui kama ni kweli.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimemnunulia leso mpya. Kaishika, kaisoma, kasema nzuri, kaikunja. Amevaa ile ya zambarau.

Mtaa mzima unanukia pilau. Nilimwomba nimpige picha ya Idi, sisi wawili, kwa simu. Akasema, "Piga wewe, mwanangu. Mimi niache."

Hajui kwamba sina nyingine.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua imenyesha kuanzia alfajiri. Hapa Ukunda maji yameingia mpaka kizingitini. Nyanya kaamka, kajifunga leso kiunoni, kachukua jembe pembeni ya kabati, kafika mlangoni. Kasimama hapo. Mbele yake uani kuna sakafu ya saruji, ndoo za watu na kamba ya nguo. Alisimama muda, kisha akalirudisha jembe mahali pake na kuketi.

Mchana Riziki kapiga kusema huko Kinango inanyesha pia, mvua kubwa, watu wote wako mashambani. Nyanya akanyoosha mkono nimpe simu. Akauliza nani analima kwake. Riziki akarudia habari za mvua. Nyanya akauliza tena. Riziki akamwambia. Ami Bakari, na wanawe, wamelima lote, wanapanda mahindi.

Nilidhani atalia. Nilisogea karibu.

Akauliza, "Mpaka kule bondeni?"

Ndiyo, mpaka bondeni.

Akanirudishia simu. Kisha kaniambia nimpigie Bakari. Nikasema Nyanya, hapana, nikasema yote niliyokuwa nayo kifuani, sebule na picha yake na mheshimiwa, na jinsi nilivyonyamaza. Mara ya kwanza nalisema kwa sauti. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakushangaa. Akasema, "Mpigie. Kule bondeni maji yanatuama, mahindi yataoza yote. Apande mpunga. Mwambie asipoteze mbegu."

Nikapiga. Ami akapokea, akaogopa kidogo, nilimsikia. Nikampa shikamoo. Nikamweleza maneno ya Nyanya kama alivyoyasema, bondeni, maji, mpunga. Mvua ilikuwa inasikika kwake pia.

Akasema, "Mwambie nimesikia."

Nikamwambia Nyanya. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama amesema ana mbegu ya mpunga, au hana. Sikuwa nimemwuliza. Akasema basi, tutamwuliza kesho, mvua ikipungua.